Katuni ya utotoni yahamia anga za juu: tathmini ya mchezo wa mezani wa Jumamosi pale Upanga

Kwa Jumamosi sita mfululizo nimekuwa nikipanda ngazi za nyumba moja ya zamani pale Upanga, Dar es Salaam, juu ya duka la vifaa vya shule, kwenda kucheza mchezo ambao wengi wa rika langu wangeuona wa kitoto. Mwendeshaji wake, kijana ambaye siku za kazi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, hutoza shilingi 15,000 kwa kikao cha saa nne, chai ya tangawizi na vitumbua vikiwemo, na kwa fedha hiyo huwaongoza wachezaji sita katika hadithi wanayoitunga pamoja kwa maneno, karatasi na dadu. Mfululizo huu aliutangaza kwa maneno matatu tu, "ile katuni, angani", na tangazo hilo ndilo lililonivuta.

Katuni yenyewe ni Dungeons & Dragons, iliyoonyeshwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, vipindi 27 kwa jumla. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati huo, kwa hiyo sisi tuliiona kwa kanda za video sebuleni kwa jirani mwenye deki, tumejipanga mkekani na ndala zetu zimerundikana mlangoni. Vijana sita wanapanda kigari cha reli katika uwanja wa burudani, wanajikuta wametupwa katika dunia ya majoka na wachawi, wanapewa silaha sita za ajabu, na kuanzia hapo wanaitafuta njia ya kurudi nyumbani. Hawakurudi. Michael Reaves aliandika mswada wa kipindi cha mwisho, lakini katuni ilisitishwa kabla kipindi hicho hakijatengenezwa, na nadhani ule uchungu wa hadithi iliyokatwa njiani ndio unaotufanya watu wazima tukubali kulipia vitumbua kwa bei hiyo.

Nilikwenda na swali moja. Je, kuihamisha hadithi ya uchawi kwenda kwenye sayansi ya kubuni ni kuipaka rangi upya tu, upinde ukaitwa bunduki na joka likaitwa roboti, au kuna kitu kinachobadilika ndani yake? Mwendeshaji huyu amefanya yote mawili, na tofauti kati ya sehemu alizozifikiria na zile alizozipaka rangi ilikuwa ikijitokeza mezani kila kikao.

Sehemu aliyoifikiria kuliko zote ni joho la Sheila. Katika katuni, msichana huyu huvuta kofia ya joho na kutoweka, na hakuna anayeuliza lolote. Mezani joho limekuwa vazi linalouzuia mwanga usitoke, na mwendeshaji, kama anavyotarajiwa fundi wa majokofu, akauliza swali ambalo waandishi wa katuni hawakuwa na haja nalo: joto linakwenda wapi? Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100, na vazi linalomficha mvaaji hata kwa vipima joto halina budi kulibakiza joto hilo ndani. Tuliwekewa gilasi tupu na bakuli la kunde. Kila zamu aliyoitumia ndani ya vazi, binti aliyecheza nafasi ya Sheila, ambaye anasomea uhandisi, alidondosha kunde moja katika gilasi, na ilipofika ya sita alipaswa kulifungua vazi na kulitoa joto lote kwa mkupuo, aonekane na kila mlinzi aliyeko kwenye korido. Katika kikao cha pili alikuwa amejibanza nyuma ya walinzi wawili, kunde tano zimo kwenye gilasi, na mezani hakuna aliyegusa kitumbua. "Kaka, nikilitolea kwenye bomba la maji?" akauliza. Fundi alicheka mpaka akaiweka chini chai yake, kisha akasema bomba lipo, lakini dadu zitupwe kwanza. Alipata tisa, akapita.

Kofia ya Presto, yule mchawi chipukizi ambaye katika katuni huchomoa humo vitu asivyovitarajia, nayo imepata maisha mapya. Sasa ni mashine ya kuchapa vitu ambayo orodha yake imeandikwa kwa lugha ya watu waliokwisha kutoweka, hivyo anayeitumia hubonyeza kwa kubahatisha na dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua. Tuliomba ufunguo, tukapewa ngazi ya kamba. Tulipoomba mara ya pili tukapewa vifungo vya shati, mamia kwa mamia.

Kwa upande wangu, hata hivyo, ugeuzaji mkubwa zaidi ulikuwa wa yule mzee mfupi aitwaye Dungeon Master, ambaye katika katuni hujitokeza, hutoa fumbo, na kutoweka wakati mtu bado yumo katikati ya swali. Tabia hiyo iliniudhi hata utotoni, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba mzee anajua jibu na analificha kwa makusudi. Hapa yeye ni kompyuta ya kituo kikubwa cha anga za juu iliyoharibika na kupoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Husema kwa mafumbo kwa kuwa sentensi zake zina mapengo, na hukata mazungumzo kwa kuwa umeme wake umekwisha. Kuanzia kikao cha tatu tulianza kuitafutia vipuri. Kila kipuri kilipunguza mafumbo kidogo, na kila pengo lililojazwa lilitupa sababu ya kutoiamini, mpaka likazuka bishano la kweli juu ya kama tuendelee kuitengeneza au tuiache ilivyo. Bishano la namna hiyo haliwezekani katika katuni, ambamo mzee ni mwema kwa kuwa ameandikwa mwema.

Vivyo hivyo kwa Eric, mwenye ngao na mdomo. Mark Evanier, mmoja wa waliosaidia kuijenga katuni hiyo, amewahi kueleza kwamba waandishi walitakiwa kuwafundisha watoto kushikamana na kundi, na Eric ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuonyesha kuwa mlalamikaji hukosea daima. Nafasi hiyo kwetu aliichukua mstaafu mmoja wa benki ambaye sote tulimwamkia shikamoo na kumwita Mzee, hata pale tulipokuwa tukimpinga. Mbele ya mlango mmoja wa chuma alisema, "Wanangu, mimi siufungui mpaka nijue upande wa pili kuna hewa." Tukapiga kura, watano kwa mmoja, tukaufungua. Hewa haikuwepo. Tulipoteza roboti mdogo mwenye antena moja kichwani, ambaye alikuwa amechukua nafasi ya Uni, yule farasi mchanga mwenye pembe, na mchezaji wa Bobby, yule mtoto wa kundi ambaye Uni ni kipenzi chake, mtu mzima mwenye watoto wawili, alinyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyotaka tutambue. Mezani hapakuwa na mwandishi wa kumlazimisha Mzee akosee.

Sasa upande wa rangi. Upinde wa Hank, kiongozi wa vijana wale, umekuwa bunduki ya leza, basi. Katika katuni upinde ule ulifunga kamba, uliangusha miamba, uliwasha taa. Bunduki hupiga risasi za mwanga na haina jingine, na kijana aliyeichukua alikuwa akiangalia simu ifikapo saa kumi na mbili. Rungu la Bobby ni nyundo. Tiamat, joka la vichwa vitano, amekuwa meli tano za anga zenye akili moja, wazo ambalo lingestahili vikao viwili peke yake, lakini lilitumika mara moja kama kelele za nyuma. Kuhusu Venger, adui mwenyewe, kwa vikao vinne alikuwa sauti tu kwenye spika.

Kanuni zilizotumika ni za Stars Without Number, kazi ya Kevin Crawford, ambayo ina toleo linalopatikana bure. Kwa ufupi, ujuzi hupimwa kwa dadu mbili za pande sita na mapigano kwa dadu ya pande 20. Mhusika anayeanza ana uhai mdogo sana, na hilo linageuza kabisa hali ya hadithi: watoto wa kwenye katuni walijua watafika kipindi kijacho, sisi hatukujua. Ninachompongezea mwendeshaji ni karatasi za wahusika, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili chepesi kisichochechemea: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto, na chini yake "mtupo wa kujinusuru", yaani kutupa dadu ili kuiepuka hatari, maneno ambayo kufikia kikao cha pili tulikuwa tukiyatamka kana kwamba tumezaliwa nayo.

Huduma yenyewe ina kasoro ambazo fedha yetu ilistahili kutoziona. Tuliahidiwa meza ya watu sita, lakini kikao cha nne kilikuwa na wanane, na wawili wa ziada walipewa wahusika wasio na kazi. Saa tisa alasiri ya tangazo ni saa kumi kasoro ya kweli, na anayetoka Mbezi au Gongo la Mboto, aliyekwisha kupambana na foleni ili kuwahi, ana haki ya kukasirika. Kikao cha tatu karibu chote kilimezwa na kupatana bei ya mafuta ya chombo na wafanyabiashara ambao hatukuwaona tena. Ngazi hazina taa, na mara mbili umeme ulipokatika tuliendelea kwa mwanga wa simu. Hilo, nakiri, lilikifaa kituo chetu kilichokufa kuliko taa yoyote.

Anayetaka kujiunga aje na dadu zake, kwa kuwa seti zilizopo ni tatu tu na huzungushwa mezani kama bakuli la chumvi, na asilazimike kuwa ameiona katuni: yule mwanafunzi wa uhandisi hakuwahi kuiona hata kidogo, na ndiye aliyecheza vizuri kuliko sisi wenye kumbukumbu. Nashauri pia aombe mapema nafasi ya Sheila au ya Presto, akae mbali na bunduki ya leza. Mfululizo wa pili, ambamo kituo kitafunguliwa upande wa kaskazini na zile meli tano zimeahidiwa nafasi yao, unaanza baada ya wiki mbili. Nimekwisha kulipia kikao cha kwanza na nimeomba nafasi ya Eric. Mzee amekataa kuiachia.