Egemeo la waridi la kutambaa: lipi ununue kwanza, lipi uliache dukani

Wengi huanza na mche. Wanauona kitaluni umechanua, wanaubeba nyumbani, wanauchimbia shimo chini ya ukuta. Baada ya mwaka wanahangaika kutafuta kamba ya kufungia matawi ya mita tatu yanayomchana nguo kila apitaye. Ushauri wangu ni kuanza na egemeo, yaani kile kitakachobeba matawi: nyaya, tao, wavu au nguzo. Linunue, likazwe mahali pake, ndipo uende kitaluni.

Sababu iko kwenye mmea wenyewe. Pasheni hujizungusha kwenye waya kwa vikono vyake, lakini waridi halina vikono, wala mizizi ya kung'ang'ania ukuta. Lina miiba tu, na miiba haishikilii tawi likapigwa na upepo. Usipolifunga kwa mkono wako, litaanguka.

Jambo la pili ndilo linaloamua uzuri wa bustani. Tawi likisimama wima, chipukizi la nchani hutawala na kuyazuia macho ya chini, yaani vichipukizi vilivyolala, yasiamke. Unapata maua machache juu kabisa, usawa wa paa, na huku chini unatazama fimbo tupu zenye miiba. Ukililaza tawi hilo hilo upande, karibu kila jicho hutoa kitawi kifupi chenye maua nchani. Kwa hiyo kila egemeo nimelipima kwa maswali matatu: litaniruhusu kulaza matawi? Litabeba mmea mzima uliolowa mvua ya masika na kusukumwa na upepo? Mchwa na kutu watalifanya nini?

Nayaandika haya hasa kwa wenye bustani nyanda za juu: Arusha, Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru, Nairobi. Pwani waridi huota, lakini joto na unyevunyevu huleta madoa meusi ya majani mfululizo, na chumvi ya bahari hula chuma haraka. Mwenye ukuta mkubwa Dar es Salaam au Mombasa atafurahi zaidi na bugenvilia.

Nafasi ya kwanza: nyaya za mlalo ukutani

Hakuna kinachozishinda. Unahitaji waya wa galvanaizi wenye unene wa milimita 2 hadi 2.5, skrubu ndefu zenye jicho, plagi za plastiki za kuzikaza ukutani, na kikazio kimoja cha waya kwa kila mstari. Duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi lina vyote hivi, na gharama yake kwa kila mita ya ukuta ni ndogo kuliko egemeo jingine lolote la kudumu.

Mstari wa kwanza uwe sentimita 45 kutoka ardhini, na inayofuata ipishane kwa sentimita 30 hadi 40. Skrubu ziwe kila baada ya mita moja na nusu au mbili, na jicho lake litokeze sentimita tano hadi nane mbele ya ukuta. Nafasi hiyo usiidharau, maana hapo ndipo hewa inapopita nyuma ya majani na kuyakausha baada ya mvua, na pia ndipo vidole vyako vitakapoingia wakati wa kufunga. Waya uliolala juu ya plasta hauna faida hizo zote mbili.

Kabla ya kununua plagi, jua ukuta wako. Tofali la kuchoma na zege hushika vizuri. Bloku zenye matundu katikati huhitaji plagi za aina yake, vinginevyo skrubu itatoka na kipande cha plasta mwaka wa tatu, wakati mmea umeshakuwa mzito. Muulize muuzaji akuonyeshe zile za bloku.

Kama una ukuta wa mashariki, umebarikiwa. Jua la asubuhi hukausha umande mapema, na kuvu wa madoa meusi anahitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa ili amee. Mche usiubane ukutani: panda sentimita 30 hadi 45 mbele yake, kwa kuwa chini ya ukingo wa paa udongo hubaki mkavu hata mvua ikinyesha, kisha uegemeze mashina kuelekea kwenye waya.

Asiye na ukuta asikate tamaa. Nguzo na nyaya, kama wanavyofanya wakulima wa pasheni na wa zabibu kule Dodoma, zinatoa matokeo yale yale uani au kando ya njia. Chagua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, urefu wa mita 2.4, na uzifukie sentimita 60. Nguzo isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa.

Nafasi ya pili: tao la chuma la kuchomelewa na fundi

Kwa lango la bustani hakuna kitu kizuri kuliko tao lililofunikwa na waridi, na fundi wa mtaani wa kuchomelea atakutengenezea imara kuliko lolote la kwenye boksi, ilimradi umpe vipimo mwenyewe. Upana wa ndani usipungue mita 1.2, na ukipata mita 1.5 ni bora zaidi, kwa sababu matawi yataingia ndani sentimita 20 kila upande na hutaki mgeni apite kiubavu. Kimo cha katikati kiwe mita 2.3 au zaidi. Agiza bomba la mraba la inchi moja lenye unene wa milimita 1.5, na vipande vya nondo vya kukatiza kila sentimita 30. Hivyo vya kukatiza ndivyo utakavyolazia matawi yakipanda kwa mshazari, kwa hiyo fundi akikushauri kuvipunguza ili kuokoa chuma, kataa.

Kabla ya kulipa, kagua maungio. Chomeleo lizunguke bomba pande zote, si matone mawili ya kushikiza. Ncha za juu za bomba zizibwe, la sivyo maji ya mvua yataingia na kulioza kutoka ndani bila wewe kuona. Kisha redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Paka vizuri sasa, kwa sababu waridi likishalifunika tao hutaweza kupaka tena bila kukata kila kitu. Miguu iingie kwenye zege kina cha sentimita 50.

Nafasi ya tatu: wavu wa BRC

Ule wavu wa kuimarishia zege la sakafu, wenye matundu ya sentimita 20, ni egemeo zuri na wengi hawalijui. Kata kipande, kipake rangi, kiegeshe ukutani kwa vipande vya mbao ngumu vinavyokiacha sentimita chache mbele. Kina mistari ya mlalo na ya wima, kinabeba uzito wowote, na fundi akibakiza kipande baada ya ujenzi unaweza kukipata kwa bei ya kuelewana. Nimekipa nafasi ya chini ya nyaya kwa sababu moja: kinamshawishi mtu kusokota matawi ndani ya matundu. Usifanye hivyo. Tawi linene likishakwama humo, kulitoa ni kulikata. Matawi yote yakae mbele ya wavu na yafungwe.

Nafasi ya nne: nguzo moja

Kwa kiwanja kidogo, nguzo ya mita 2.4 inatosha. Matawi huzungushwa taratibu kuipanda badala ya kusimamishwa wima, na hapo macho ya pembeni huamka. Inafaa mawaridi mafupi ya mita mbili na nusu tu.

Ya kuacha

Paneli za mbao laini za msonobari zinavutia dukani, lakini mchwa huzimaliza kabla waridi halijakomaa. Mninga au mvule hudumu, ila bei yake utajengea tao mbili. Mianzi mikavu ni ya mbogamboga. Tao za bomba jembamba zinazouzwa zimekunjwa kwenye boksi huyumba hata kabla ya kupandwa chochote. Shika mguu mmoja dukani na utikise, utaona. Wavu wa uzio wa matundu madogo nao una kasoro ya BRC mara kumi.

Cha kufungia

Vipande vya tyubu ya baiskeli, vilivyokatwa upana wa kidole, ni bora: hunyumbuka na havichubui. Kamba ya katani nayo ni nzuri, huoza yenyewe tawi linaponenepa. Waya wa kufungia nondo ukae mbali na mmea, maana tawi likikua, waya huzama kwenye gome na kulinyonga. Funga kwa mtindo wa namba nane, msalaba ukae kati ya tawi na waya, kidole kiweze kupita. Laza matawi machanga ya kijani, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. La zamani la kahawia huvunjika shinani.

Sasa nenda kitaluni

Mawaridi mengi yanayosifika kanda yetu ni ya mashamba ya maua ya Naivasha na kwingineko. Yale yamezalishwa kwa ajili ya kukatwa na kusafirishwa, yana mashina ya wima, hayatambai. Muuzaji akikuambia "hili linapanda", mwombe akuonyeshe mmea mama uliokomaa.

Ukilipata Iceberg la kutambaa, lichukue. Ni jeupe, huchanua mara kwa mara, na lina miiba michache. Iceberg la kichaka lilitolewa na Kordes, wazalishaji wa mawaridi wa Ujerumani, mwaka 1958, na hili la kutambaa lilitokana nalo miaka kumi baadaye. Aina za namna hii, zilizotokana na waridi la kichaka, usizipogoe sana miaka miwili ya mwanzo, kwa kuwa zinaweza kurudia hali ya kichaka. New Dawn, lenye rangi ya waridi hafifu, lililopewa hataza ya kwanza ya mmea Marekani mwaka 1931, lina nguvu nyingi na linataka ukuta mpana, si nguzo. Penye watoto na njia nyembamba, tafuta Zéphirine Drouhin la mwaka 1868, ambalo karibu halina miiba. Lina harufu nzuri sana, ila hushikwa na magonjwa ya kuvu, kwa hiyo lipe sehemu yenye hewa. Epuka yanayochanua mara moja kwa mwaka, mengi huhitaji majira ya baridi tusiyo nayo.

Mche wenyewe uwe na mashina matatu yenye afya kutoka chini. Inua kiriba utazame: mizizi mieupe ikichungulia kwenye matundu ni dalili njema, mizizi minene iliyojizungusha chini inaonyesha mche umekaa humo muda mrefu mno. Ua moja lililochanua kitaluni lisikushawishi. Chagua wenye majani safi, hata kama hauna ua lolote.