Kokoro Connect: miili imebadilishwa, hadithi imebaki palepale

Wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo mezani tuna Kokoro Connect, anime, yaani katuni ya Kijapani, ya mwaka 2012 kutoka studio ya Silver Link. Nasema mapema: nitafichua mambo. Kama hujaitazama na unataka kuingia mikono mitupu, simamisha video hapa hapa.

Kisa chenyewe: wanafunzi watano wa sekondari, klabu moja. Taichi, shabiki sugu wa mieleka. Iori, mchangamfu anayependwa na kila mtu. Inaba, ulimi wembe. Yui, binti wa karate. Na Aoki, ambaye kazi yake kubwa ni kumpenda Yui. Ghafla wanaanza kubadilishana miili. Hamna ratiba wala onyo. Umekaa zako, mara umo kwenye mwili wa mwenzako, na huko alikobaki na mwili wako hujui anaongea nini na nani. Anayewachezea ni kiumbe anaitwa Heartseed. Anamwingia mwalimu wao, anaongea kivivu kama mtu aliyekatishwa usingizi, na sababu yake ni kwamba anawaona watoto hawa wanavutia. Basi. Usisubiri maelezo zaidi.

Sasa nitoe haki kwanza, kwa sababu kuna kitu hapa kimefanywa vizuri mno. Sauti inabaki na mwili. Yaani Iori akiingia kwenye mwili wa Inaba, unayemsikia ni mwigizaji wa sauti Miyuki Sawashiro, sauti ile ile nzito ya Inaba, ila sasa inaruka ruka na kuchekacheka kama Iori. Aki Toyosaki naye, sauti ya Iori, Taichi akiwa ndani ya mwili huo anatakiwa aongee kama mvulana aliyeona aibu. Hakuna anayemwiga mwenzake kijinga. Wanabadilisha mwendo wa maneno, pumzi, mahali pa kusita. Mimi sijui Kijapani zaidi ya maneno ya kwenye anime, lakini mara nyingi nilijua nani yumo kabla ya kusoma maandishi ya chini. Hiyo ni kazi.

Tatizo ni kile walichoandikiwa waseme.

Chukua Yui. Alipokuwa mdogo aliponea chupuchupu kushambuliwa na mwanamume, na tangu hapo mwanamume akimgusa anatetemeka. Jambo zito hilo. Tiba yake? Wakiwa wamebadilishana, Taichi, akiwa kwenye mwili wa Yui, anaupiga teke mwili wake mwenyewe pale pale unapopajua, na Yui yumo ndani anasikia maumivu yote. Ili ajue kwamba mwanamume yeyote anaangushika. Nilicheka, sikatai, wazo lina akili yake. Halafu nikangoja wakae na huyu binti, tuone siku inayofuata ikoje. Wapi! Wameshahamia kwa Iori.

Iori amepitia akina baba watano, mama yake kaolewa na kuachika, na mtoto amejifunza kujibadilisha ili ampendeze kila anayeingia nyumbani, mpaka hajui yeye mwenyewe ni nani. Mtu kama huyo ukimpa miili ya watu wengine avae, hapo ndipo hadithi ilipo! Umepewa penati, golikipa kalala, halafu unarudisha pasi nyuma. Wanachotupa ni mazungumzo. Taichi anafika, anasema maneno mazuri, binti analia, tunaendelea. Inaba vilevile, ingawa yeye angalau anambishia. Kila msichana ana kidonda, na Taichi ana plasta. Na Aoki? Kijana anaingia kwenye mwili wa msichana anayempenda, msichana anayeogopa wanaume, na waandishi hawaoni cha kuuliza hapo. Jamani.

Ila kilichonikata kabisa ni sehemu ya tano. Heartseed anauingia mwili wa Iori, anapanda kwenye daraja, anajirusha. Wenzake wanakimbilia hospitali, wanaambiwa mwili unakufa, wana nusu saa tu wachague nani afe ndani yake. Wanaagana mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa wima, nimekamatika. Halafu? Hafi mtu. Lilikuwa jaribio tu. Machozi yote yale, na kiumbe yule anaondoka hana hata haraka.

Na kubadilishana miili kunaishia hapo! Sehemu ya sita linaletwa janga jipya, tamaa zinawalipuka bila breki. Baadaye wanarudi utotoni. Jumla sehemu kumi na saba, na nne za mwisho hazikuonyeshwa hata kwenye TV. Kwa hiyo ukiletewa hii kama anime ya kubadilishana miili, jua umeuziwa theluthi.

Inaba anazidi kunoga kadiri inavyosonga, na kwa ajili yake peke yake nilifika mwisho. Alama zangu ni nne kwa kumi, na mbili kati ya hizo nampa Sawashiro mkononi.