Office kwenye seva ya pamoja: dakika 20 za kusakinisha, wiki 2 za leseni

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Makao ni Kurasini, Dar es Salaam, na tuna vijiofisi viwili mipakani, Tunduma na Rusumo. Tuko 14, na 11 kati yetu wanashinda kwenye Excel, Word na Outlook kutwa nzima. Mimi ndiye mtu wa kompyuta, yaani kuanzia printa iliyong'ang'ania karatasi hadi seva, naitwa mimi.

Kilichotufikisha kwenye seva ni faili la makontena. Lilikuwa na nakala nne: ya Dar, ya Tunduma, iliyoko kwenye barua pepe, na nyingine kwenye flashi ya mtu ambaye siku hiyo alikuwa likizo. Bosi aliulizia mzigo mmoja akapewa majibu matatu ndani ya saa moja. Akaniita. "Kijana wangu, nataka faili moja, likae mahali pamoja, kila mtu alione hilo hilo."

Nikamwambia tuweke seva yenye Windows Server 2022, watu waingie kwa Remote Desktop, yaani njia ya kutumia kompyuta iliyo mbali kupitia mtandao, kazi ifanyikie humo humo ndani ya seva. Kwa watu wa mpakani wanaotumia bando la simu hii ni nafuu kubwa, maana faili halisafiri. Kinachosafiri ni picha ya skrini, kipanya na herufi unazobonyeza. Faili la MB 40 Tunduma linafunguka sawasawa na Dar, kwa sababu linafunguliwa Dar.

Akakubali. Hapo ndipo nilipokosea: nilinunua kabla ya kusoma.

Nilichukua leseni 11 za Office, za mpango unaoitwa Microsoft 365 Business Standard. Muuzaji nilimuuliza, tena kwa mdomo tu, kama zitafanya kazi kwenye seva inayotumiwa na watu wengi. Akanijibu, "Kaka, Office ni Office." Nikalipa.

Jumamosi nikapakua kisakinishi cha kawaida kwenye akaunti yangu, nikakibofya mara mbili kama ninavyofanya kwenye laptopu ya mtu yeyote. Kikamaliza bila neno. Nikafungua Word, nikakutana na ujumbe kwamba nakala hii ya Office haiwezi kutumika kwenye kompyuta inayoendesha Terminal Services. Terminal Services ni jina la zamani la Remote Desktop Services. Kwa kifupi, Office iligundua iko kwenye seva ya pamoja ikagoma.

Kwa hiyo nikafanya ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kuna programu ndogo ya bure ya Microsoft inaitwa Office Deployment Tool. Ndani yake unapata setup.exe na mifano ya faili la configuration.xml, ambalo unalihariri kwa Notepad. Mle unaandika unataka toleo la biti 64 au 32, lugha gani, programu zipi ziachwe (mimi niliacha Access na Publisher, hakuna anayezigusa hapa), na mstari mmoja ambao ndio roho ya kazi yote: SharedComputerLicensing, thamani 1. Mstari huo unaiambia Office kwamba mashine hii ni ya wengi, kwa hiyo leseni isifungwe kwenye mashine, ifuatane na mtu anayeingia. Kisha unafungua Command Prompt kama msimamizi, unaendesha setup.exe /download na jina la faili lako, halafu setup.exe /configure. Kupakua nilikuacha usiku. Kusakinisha kwenyewe hakukuzidi dakika 20, chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nikaingia kwa akaunti ya majaribio, nikafungua Excel, nikaweka barua pepe na paswedi. Ujumbe mwingine: bidhaa tulizozikuta kwenye akaunti yako haziwezi kutumika kuwasha Office kwenye kompyuta ya pamoja.

Hapa ndipo nilipoketi nikasoma. Business Standard haina haki ya kuwashwa kwenye kompyuta ya pamoja. Microsoft 365 Apps for business nayo haina. Kwenye kundi la mipango ya biashara ndogo, isiyozidi watumiaji 300, ni Business Premium peke yake yenye haki hiyo. Ukipanda juu zaidi ziko zile zenye Microsoft 365 Apps for enterprise. Yote haya yameandikwa kwenye nyaraka zao, hayajafichwa. Ni mimi niliyeridhika na jibu la dukani. Kubadilishana na yule muuzaji kulichukua karibu wiki mbili za simu na barua pepe, na tofauti ya bei tuliibeba sisi. Bosi hakusema kitu, alinitazama tu. Afadhali angesema.

Business Premium ilipoingia, sikuhitaji hata kusakinisha upya. Mtu anafungua Excel, anaingia na akaunti yake mara moja, seva inamwekea cheti kidogo cha leseni ndani ya wasifu wake (folda yake binafsi kwenye seva), na kesho anaendelea bila kuulizwa. Cheti hicho kinajihuisha chenyewe mradi seva iwe na intaneti. Na kuna tamu ambayo sikuitarajia: matumizi ya kwenye seva hayahesabiwi katika zile kompyuta 5 ambazo kila mtu anaruhusiwa, kwa hiyo mwenye laptopu yake nyumbani bado anaweka Office humo kwa leseni ile ile.

Usisahau leseni ya mlangoni. Leseni ya Office ni ya Office, kuingia kwenye seva kwa Remote Desktop kuna leseni yake inayoitwa RDS CAL, ya kila mtu au ya kila kifaa. Windows Server inakupa siku 120 za neema, na kwa kuwa kila kitu kinafanya kazi vizuri siku hizo zote, ni rahisi kudhani umemaliza. Zikipita bila seva ya leseni, yaani ile inayogawa hizo RDS CAL, watu wanakataliwa asubuhi moja wote kwa pamoja. Hili nashukuru nililisoma mapema. Pia mlango wa 3389, ambao Remote Desktop inapitia, usiuache wazi kwenye intaneti, sisi watu wote wanapita kwanza VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi.

Matumizi ya kila siku? Nimefurahi. Siku moja dada yetu wa Tunduma alikatikiwa umeme akiwa katikati ya kujaza safu ya namba za makontena. Akanipigia, sauti ya mtu aliyefiwa: "Kaka, imepotea yote." Nikamwambia subiri umeme. Uliporudi akaingia tena, akakuta jedwali liko wazi, kishale kinapepesa kwenye seli ile ile, namba aliyokuwa anaandika imefika nusu. Kilichozimika ni dirisha lake tu, kikao chake kilikuwa kinamsubiri Dar. Tangu siku hiyo hakuna anayenilalamikia kuhusu kubadilisha mfumo.

Outlook ndiyo iliyonitoa jasho. Kila mtumiaji anajengewa faili lake la akiba la barua, na yote yanarundikana kwenye diski C ya seva. Kwa watu 11 wenye barua za miaka, diski ilijaa mwezi wa pili. Ikijaa, Windows inaanza kuwapa watu wasifu wa muda, na ukipewa wasifu wa muda, cheti cha leseni hukioni, unaulizwa paswedi upya kila ukiingia. Nililalamikiwa kuhusu leseni kumbe ugonjwa ni diski. Nilipunguza barua za akiba ziwe za mwezi 1 tu, halafu nikahamishia wasifu wa watu kwenye FSLogix, programu ya Microsoft ya kuhifadhi wasifu nje ya diski ya seva, ambayo mwenye RDS CAL anaruhusiwa kuitumia bila kulipa zaidi. Kila mtu sasa ana diski yake pepe kwenye hifadhi nyingine, C inapumua.

LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, tuliijaribu wiki moja, katika zile wiki mbili za kusubiri. Kusakinisha kwake ni raha, unaiweka mara moja wote wanaitumia, habari za leseni hazipo. Kama ofisi yako inaandika barua na majedwali ya kawaida, ningeanza nayo. Sisi tulishindwa kwa sababu ya makro za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe) ambazo mhasibu amezijenga miaka sita, na mhasibu si mtu wa kubishana naye.

Naupa mpango mzima nyota 4 kati ya 5. Iliyopungua ni ya printa ya Rusumo, ambayo kila nikiituliza inaamka na jambo jipya.

Kazi inayonisubiri ni kuhama seva, kwani msaada wa Microsoft 365 Apps kwenye Windows Server 2022 unakoma Oktoba 2026. Profoma nimeshaiomba, kwa maandishi, na swali la kwanza kwenye barua yangu ni jina kamili la kila leseni na kama inaruhusiwa kwenye kompyuta ya pamoja. Muuzaji ni yule yule. Bado hajajibu.