The Friend ya Sigrid Nunez: riwaya ya kusoma baada ya arobaini

Aliyefiwa ningemshauri asome kitabu hiki baada ya arobaini, si kabla. Siku za tanga watu wamejaa na kila mmoja ana neno la kukufariji. Riwaya hii inaanzia pale turubai linaposhushwa, viti vya kukodi vikarudi kwa mwenyewe, ukabaki peke yako.

Mwandishi wake ni Mmarekani. Ilitoka 2018, na mwaka huohuo ikashinda National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani. Mwanamke mmoja wa New York, mwandishi na mwalimu wa uandishi, amefiwa na rafiki yake wa miaka mingi. Rafiki huyo amejiua. Mjane anamwomba amchukue mbwa wa marehemu: Apollo, mzee wa aina ya Great Dane, mwenye viungo vibovu na kilo zaidi ya 80. Fleti yenyewe ndogo, na mkataba wa pango hauruhusu mbwa. Msimuliaji hana jina, marehemu hana jina, wake zake watatu wanatajwa kwa namba. Mbwa ndiye mwenye jina.

Nilichokipenda ni kwamba Apollo hafanyi miujiza. Naye kafiwa, na hakuna awezaye kumweleza kuwa bwana wake harudi tena. Wanaomboleza wawili, kila mmoja kivyake, chumba kimoja. Mwanamke anamsomea barua za mshairi Rilke kwa sauti, mbwa anatulia. Huzuni haiondoki, ila sasa kuna kiumbe kinachotaka kutolewa nje, kulishwa, kusubiriwa.

Sisi tulimpoteza ndugu kwa njia hiyohiyo. Msibani ilisemwa aliugua ghafla. Nchini kwetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na aibu yake inawaangukia hata waliobaki, kwa hiyo jina lake likaanza kukwepwa mezani. Msimuliaji wa Nunez anamsemesha marehemu waziwazi, "wewe", ukurasa baada ya ukurasa. Anamlaumu, anamkumbusha mambo yao. Nilihitaji sana kuona mtu akifanya hivyo.

Wengine mtasita kwa sababu ya mbwa, na nawaelewa. Jijini Dar wengi tunawakwepa kwa unajisi wa mate yao au kwa hofu ya kichaa. Kwetu Mbezi mbwa ni mlinzi tu, mchana bandani, usiku anafunguliwa. Baada ya msiba kazi ya kumchemshia dona na dagaa ilikuwa yangu, na ndiyo iliyonitoa kitandani asubuhi. Kwa hiyo kurasa za Apollo nilizisadiki.

Anayetaka visa vya kukimbizana atachoka. Katikati kuna nukuu nyingi mno za waandishi, nyingine nilizirukaruka. Kiingereza chake hakisumbui, aya ni fupi, zinasomeka hata ndani ya mwendokasi. Mwenye jeraha bichi ajue tu kwamba habari ya kujiua imo tangu mwanzo, na sura moja karibu na mwisho inauma kweli.

Nakala yangu ni ya mitumba, niliinunua Posta. Sasa anayo mama mdogo, amefika pale Apollo anapohamia.