Mkoba wa turubai: miaka mitatu na Louis Vuitton mjini Dar

"Wifi, hii umeitoa Msimbazi au Aggrey?"

Hilo ndilo neno la kwanza mkoba wangu kuambiwa ulipofika nyumbani: umetoka mtaa gani wa Kariakoo. Wifi yangu aliugeuza, akaunusa ndani, akavivuta vile vigwe vya ubavuni, akanisifu kwa kuchagua wa kahawia maana wa pinki unashika uchafu. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa elfu 45 nimletee na yeye. Nikazipokea. Ningemwambia nini? Kwamba alioushika umenitoka milioni 2 na nusu, wakati wiki mbili nyuma nilimlilia hali nilipodaiwa mchango wa sendofu ya mdogo wake?

Ni Neverfull ya Louis Vuitton, saizi ya kati, ile yenye herufi na maua. Naubeba mwaka wa tatu huu. Mashosti wakiniuliza kama unafaa kununua, jibu haliji kwa neno moja, kwa sababu kuna mkoba, halafu kuna yale niliyotaka mkoba uyaseme kwa niaba yangu. Na mkoba wenyewe sina ugomvi nao.

Niliutaka uonekane, sitajifanya. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mwaka huo nilikuwa nimepandishwa kutoka karani wa nyaraka hadi msimamizi. Cheo kwenye barua kilipanda, ila kwenye kikao mambo yakabaki yaleyale. Wateja wanaingia, wanakaa, wa kwanza anayekohoa ananigeukia mimi: "Dada, maji yapo?" Wanaume wa cheo kilekile wana funguo za gari za kuweka mezani. Mimi napanda basi la Mwendokasi. Nikaona nami nipate kitu cha kuweka mezani.

Novemba 2022 nilifuatana na binamu yangu Dubai, yeye akifuata mzigo wake wa vipodozi. Mkoba mpya wa dukani ulikuwa karibu mara mbili ya pesa niliyokuwa nayo, kwa hiyo binamu akanipeleka duka la mikoba iliyotumika, ghorofani, Deira. Kiyoyozi kikali, rafu kama za duka la dawa, na dada Mfilipino aliyevaa glavu nyeupe. Dirham 3,900. Ulikuja bila ile pochi ndogo inayotakiwa kukaa ndani yake, maana mwenyewe wa kwanza aliiuza peke yake. Ni kawaida, usidhani umeibiwa.

Yule dada alinifundisha kusoma. Alifunua kipande kidogo cha ngozi kilichojificha ndani, kimegongwa CA4177. Herufi mbili ni kiwanda, na CA ni Hispania. Tarakimu unazirukia: ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. Wiki ya 47 ya mwaka 2017. Mpangilio huo ni wa kuanzia 2007, na tangu 2021 wameacha kugonga namba, wanaweka chipu ndani ambayo huioni. Ila usiishie kwenye namba. Wanaotengeneza feki nao wana nyundo za kugongea. Yeye mwenyewe alitazama zaidi mishono ya pale kishikio kinaposhikana na mkoba: nyuzi nene, za manjano, zimelala kwa mshazari uleule, na idadi yake upande huu ni sawa na upande ule.

Hilo la Hispania liliniletea balaa ofisini. Kijana wa uhasibu alichungulia ndani akasoma ulipotengenezwa, akatangaza kwa sauti kwamba nimepigwa, Louis Vuitton ni ya Ufaransa bwana, hata mtoto anajua. Wana viwanda Hispania, Italia na hata Marekani. Nilimweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunionea huruma.

Balaa la pili lilitoka Muheza, kwa shangazi. Aliupapasa akauliza ngozi gani hii ngumu hivi. Nikamwambia ukweli, kwamba mwili wa mkoba si ngozi, ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki juu, ngozi iko kwenye vishikio na kingo tu. Shangazi akanyamaza kidogo.

"Yaani turubai."

"Siyo turubai hasa, shangazi..."

"Umenunua turubai. Na mahindi yangu yanalowa huko nje."

Tangu siku hiyo ukoo mzima unauita turubai. Na shangazi hakukosea sana. Louis Vuitton alipofungua duka lake Paris mwaka 1854 alikuwa fundi wa masanduku ya safari, na sifa yake ilitokana na kuyavika kitambaa kisichopitisha maji, chepesi kuliko ngozi, na kuyapa mfuniko wa bapa ili yapangwe moja juu ya jingine. Watu wakamuiga. Akabadilisha mchoro, wakamuiga tena. Mwaka 1896, yeye amekwisha kufa, mwanawe Georges akabuni huu wa herufi za baba yake na maua, mahususi ili waigaji washindwe. Ukipita Kariakoo Jumamosi utaona walivyoshindwa: umetundikwa kwenye mwavuli wa kila machinga, kuanzia mikoba hadi kandambili na mashuka ya kitanda.

Turubai lenyewe, kwa matumizi, ni zuri. Mvua za vuli zimenikuta nalo Posta mara sijui ngapi, napangusa kwa kitambaa, basi. Linabeba kompyuta, mafaili, chupa ya chai, khanga ya akiba na viatu vya kubadilisha. Vishikio ni vyembamba, ukijaza sana bega linajua, ila hakijafumuka kitu hata uzi mmoja. Halina zipu, juu kuna ndoano moja tu, kwa hiyo kwenye Mwendokasi ya saa 12 asubuhi nalibana kwapani kama kuku. Nilishona mfuko wa ndani wenye zipu kwa fundi wa mtaani, elfu 12. Mfuko huo umenisaidia kuliko jina la nje.

Vishikio ndivyo vya kuangalia kwa makini. Ile ngozi haikupakwa rangi wala dawa ya juu. Ikiwa mpya ni nyeupe inayoelekea nyama ya korosho, kisha inakunywa kila kitu: jua, jasho, mafuta ya mikono, tone la maji. Wangu ulipotoka Deira ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Joto la Dar likaupika. Leo ni rangi ya asali mbichi, na pale ninapopashika kila siku pamekuwa karibu na kahawa. Kuna doa la juisi ya ukwaju kwenye kishikio cha nyuma, nililitia mwenyewe kwenye hitma moja Ilala, nikalisugua kwa sabuni na kulizidisha. Msisugue.

Sasa lile la pili, yale niliyotaka mkoba uyaseme. Ule mkoba niliuweka mezani, kwenye vikao, miezi. Hakuna aliyeacha kuniomba maji. Walichokiona ni dada aliyeshuka kwenye basi akiwa na pochi ya Kariakoo, kama dada wengine kumi waliokuwa kwenye basi hilohilo na pochi hiyohiyo. Siku moja tu mambo yalikuwa tofauti: bosi alinipa lifti, nikashuka kwenye gari lake mbele ya wateja. Mteja mmoja mama akautazama mkoba, akanitazama mimi, akasema, "Mzuri, wa kwenyewe huo." Alikuwa amelitazama gari. Wifi yangu angeshuka kwenye gari lile na wa kwake wa elfu 45 angeambiwa hivyohivyo.

Nikawaza sana khanga. Mama zetu wanasema watakalo kwa doti moja ya bei nafuu, na jirani aliyelengwa analielewa kabla hujamaliza kupita mlango wake. Nimewahi kuona mtu ameacha kwenda kisimani wiki nzima kwa ajili ya "Mdhaniaye ndiye siye". Jina limechapishwa, anayejua kusoma amesoma, yamekwisha. Mimi nimevaa majina ya Mfaransa mwili mzima na hakuna jirani aliyenuna.

Dhahabu nayo ni hivyo, hata asiyejua kusoma anaielewa, tena inarudi kuwa pesa. Bangili mbili za mama yangu zimewahi kunilipia ada ya kidato cha tano. Mkoba nilijaribu kuupima bei mwaka jana, kwa binti anayeuza vya mtumba mtandaoni. Aliukagua vizuri, akakiri ni halisi, akanipa laki 3. "Dada, mimi naamini. Tatizo ni nitakayemuuzia." Ni kweli ipo mikoba inayopanda bei badala ya kushuka. Birkin ya Hermès ndiyo inayotajwa zaidi, na ile ya kwanza kabisa, aliyoibeba mwigizaji Jane Birkin mwenyewe, iliuzwa kwa mnada Paris Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Huo si mkoba tena, ni kiwanja. Akikwambia mtu ananunua mkoba "kama uwekezaji" muulize atamuuzia nani, na mji gani.

Nilielewa vizuri zaidi Desemba iliyopita, kwenye harusi Mikocheni. Meza yetu alikaa mama mmoja mtu mzima, baibui jeusi la kawaida, na mkoba wa kahawia uliosukwa, bila herufi, bila chuma, bila chochote. Nikaupenda. Bibi yangu alikuwa msusi, nimelala utotoni kwenye mikeka yake, na nilipoona mlalo wa zile chane nikadhani ni ukili uliotiwa rangi. Nikamuuliza kwa heshima zote kama umesukwa kwetu Tanga.

Akacheka hadi akashika kifua. "Hapana mwanangu. Ni ngozi. Ila umenikumbusha nyumbani."

Binti aliyekaa kulia kwangu akaninong'oneza jina: Bottega Veneta, Waitalia, kusuka ngozi namna hiyo ndiyo saini yao, na bei yake ingenunua turubai langu zaidi ya mara mbili likiwa jipya. Nikaona aibu ikipanda masikioni. Miaka yote nimelalamika kwamba watu wa Dar hawajui kusoma mkoba wangu, na huyu hapa kabeba wa kwake mezani, mimi nimesoma jamvi.

Baadaye nilikuja kujua kuna waliolipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2010 watafiti watatu, Young Jee Han, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walilinganisha bei za mikoba ya Gucci na Louis Vuitton na ukubwa wa alama zake, wakakuta kadiri alama inavyopiga kelele ndivyo bei inavyoelekea kushuka. Mwenye nacho asiyetaka kuwathibitishia walio chini yake anabeba kimya, aonwe na wenzake wachache. Anayetaka kutengwa na wasio nacho anabeba kelele. Na waigaji wanaiga kelele, kwa sababu ndiyo inayotakwa na asiyeweza kuinunua. Mimi niko kundi la pili, sibishi, tena mtumba.

Tulipoinuka kwenda kuchukua chakula yule mama alikishika kishikio cha mkoba wangu kwa vidole viwili, palepale penye kahawa, akakisugua kidogo. "Huu umeiva vizuri," akasema. "Unaubeba kila siku." Hakuzitazama herufi hata kidogo. Miaka mitatu, na mtu mmoja ndiye aliyeusoma, tena aliusoma kwenye jasho langu.

Wifi naye alipata wa kwake, zamani. Nilimpelekea mimi mwenyewe kutoka Msimbazi, nikaongeza elfu 10 ya mfukoni kwa aibu ya mchango ule. Mwezi uliopita tulikuwa arobaini ya mjomba, mikoba yote imerundikwa chumbani juu ya kitanda. Tulipotaka kuondoka akaja nayo miwili, huku na huku, kama anapima nyanya. Wa kwake una vishikio vyeupe vilevile vya siku ya kwanza. Plastiki haizeeki. Wangu mweusi pale pa mkono, na doa la ukwaju.

Hakusita hata kidogo. Alinisukumia wa kwangu kifuani.

"Shika huu uliochoka, wifi. Wangu mimi bado mpya. Yaani unautunzaje wewe?"