Zello kwa wanaoingia barabarani kuandamana: naipa nyota nne

Wakenya wengi walilijua jina Zello, programu ya simu ya kuongea kama redio, Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, yakiwa yamepamba moto, na ndani ya siku chache ikapanda juu kabisa kwa orodha ya programu zinazopakuliwa sana nchini. Bado watu wananiuliza kama inafaa. Inafaa, tena sana.

Inafanya kazi kama zile redio za askari. Unaingia chaneli, unafinya kitufe, unaongea, unaachilia, na kila mtu aliye kwa hiyo chaneli anaskia sauti yako palepale. Ukiwa mbioni na macho yanawasha juu ya teargas huwezi kusoma meseji za WhatsApp zimejaa hivyo, lakini skio liko huru, mtu akisema Moi Avenue kumefungwa piteni Tom Mboya unageuka tu bila kutoa simu mfukoni. Ukipitwa, zile sauti zinabaki unazirudia. Na kwa mtu binafsi ni bure. Si Kenya pekee imetumika, mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipofurisha Houston watu wenye maboti waliitumia kuokoa majirani, na Venezuela 2014 ilifungiwa wakati wa maandamano.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya usalama, na hapa naomba msome polepole. Chaneli ya wazi anaingia yeyote, hata askari kanzu, na 2024 tuliona vijana wakichukuliwa manyumbani wengine usiku. Kwa hivyo usitaje jina lako, usitaje mtaa unaolala, usiseme majeruhi wamepelekwa kwa nani. Mambo hayo yawekeni kwa chaneli ndogo yenye neno la siri, ya watu mnaojuana kwa sura, hii kubwa ibaki ya habari za barabara na kuita watu wa huduma ya kwanza. Na iwe na msimamizi anayetoa waongo haraka, uvumi mmoja tu wa risasi unaweza fanya watu wakanyagane.

Pia bila intaneti hakuna Zello. Tarehe 25 Juni, siku ileile watu waliingia Bunge, intaneti ilivurugika nchini. Kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipotezana, na namba ya wakili iandike kwa mkono na kalamu.

Kwa mjadala mrefu X Spaces, ile mikutano ya sauti kwa mtandao wa X, ndiyo kusema kweli, hata Rais Ruto mwenyewe alikuja huko tarehe 5 Julai kuulizwa maswali, na TikTok ndiko mswada ulielezwa kwa lugha za nyumbani hadi wazee wakaelewa. Zello ni ya siku yenyewe, ya pale chini.

Ndugu zetu mlio Doha, London, Minnesota, karibuni chaneli msikilize, tunajua roho zenu ziko huku. Lakini mmoja akiongea wengine wote wanangoja, kwa hivyo tafadhali msifinye hicho kitufe, tumeni pesa ya bandeji na ya dhamana.