Kigoma–Dar kwa ndege bila kufilisika, uzoefu wangu

Wakuu habari zenu. Hapa Mwanga, Kigoma mjini, watu kibao wananiuliza nawezaje kwenda Dar kufunga mzigo kwa ndege wakati duka lenyewe la vitenge ni dogo tu, wengine wanadhani nina ndugu pale uwanjani (sina jamani), basi nimeona niandike yote kwa anayetaka kupanda kwa bei ya kueleweka akitokea Kigoma au Tabora.

Kwanza tuelewane, zile ndege za bei chee za kweli kweli, kina Ryanair wa kule Ulaya, sisi huku hatuna. Tuliwahi kuonja tu fastjet ilipoingia Novemba 2012 na Airbus A319 zake, Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro, tiketi ikianzia sh. 32,000 kabla ya kodi, watu ambao ndege walikuwa wanaisikia juu ya bati tu nao wakapanda. Ila 2018 ilipokuwa inaisha nayo ikaisha. Tumebaki na mashirika ya kawaida ambayo bei zake zinapanda na kushuka kama maji ya ziwa, kwahiyo ujanja wote uko kwenye siku unayokata na siku unayosafiri.

Iko hivi, viti vya ndege moja vinagawanywa mafungu, kila fungu na bei yake, la chini likiisha mfumo wenyewe unakurusha fungu la juu hata kama ndege bado ina viti vya kumwaga. Sasa zile bombadia za pangaboi, Q400, zina viti 76 tu, toa watu wa mashirika wanaokwenda na kurudi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, toa watu wa serikali wanaokatiwa na ofisi zao, sisi wa mfukoni kwetu tunagombania vilivyobaki. Ndio maana unaweza kukaa na mtu kiti kwa kiti, yeye kalipa karibu mara mbili yako na karanga mnatafuna zilezile.

Mimi nakata wiki kadhaa kabla, naangalia siku za katikati ya wiki, Ijumaa na Jumapili sigusi, na siku za kuelekea shule kufungua ndio kabisa sisogei. Nalinganisha tarehe tatu nne kwenye simu, nikiona iliyokaa vizuri nabuki, inakuja namba ya kumbukumbu nalipa kwa simu hapohapo, maana muda wa kulipia ukipita wanaifuta na ukirudi unakuta bei imeshahama. Halafu angalieni ile jumla ya mwisho, sio ile bei kubwa ya kwenye tangazo, kuna VAT na tozo ya uwanja sh. 10,000 kwa safari za ndani na vingine vidogo vidogo, tangazo linakuwa tamu mpaka ufike kwenye kulipa.

Mawakala wapo wazuri sikatai, hasa kwa wazee wasiotumia simu kubwa. Ila kuna mmoja hapa mjini (simtaji) alinitajia bei nikashtuka, nikafungua simu palepale mbele ya meza yake nikaona tofauti ya maana kabisa, akaanza "dada yangu hiyo ya kwenye simu ni ya zamani", nikailipia amekaa ananiangalia, meseji ya tiketi ikaingia, nikamuonyesha. Hakusema kitu, akawasha feni.

Sasa mzigo, hapa ndipo watu wa Kigoma tunapoliwa hela. Tiketi unaweza kuipata rahisi halafu ukaimalizia yote kwenye mizani. Mtu wa Kigoma haendi Dar mikono mitupu, shangazi wa Tandika anasubiri dagaa, shemeji anasubiri mawese, kuna na mtu wa migebuka ya kukausha ambaye humjui vizuri ila kakupigia simu. Juzi kati kwenye foleni mbele yangu alikuwepo mama mmoja na kidumu cha mawese cha lita tano, kakizungushia selotepu mpaka rangi ya dumu haionekani, kijana wa kaunta akakigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye kifuniko, kikatoka chekundu.

"Mama yangu, hii haipandi."

"Mwanangu si nimefunga?"

"Umefunga mama, lakini angalia kidole changu."

Kidumu kikarudi na bodaboda aliyemleta, mama akabaki na dagaa, na dagaa nao wakapita kwa sababu alikuwa kawafunga nailoni tatu tatu na juu boksi gumu, harufu ilikuwepo kwa mbali ila sio ya kumkera abiria mwenzako. Hiyo ndio siri ya dagaa, wawe wakavu haswa, wa kilo chache, boksi sio salfeti. Mawese tuma na basi au treni tu, mafuta hewani ni kujitafutia kesi na begi la mwenzako.

Mimi begi langu lazima nilipime dukani kwenye mizani ya jirani anayeuza mchele kabla sijaita bajaji. La mkononi ni kilo saba sehemu nyingi, na zile pangaboi vitundu vyake vya juu ni vidogo, kibegi kigumu cha magurudumu mara nyingi wanakichukua pale kwenye ngazi kinaenda chini, kwahiyo powabenki na simu na hela zikae kwenye kipochi chako, powabenki hairuhusiwi kwenda chini. Vitenge nikishanunua Kariakoo sirudi navyo kabisa, marobota yanakuja kwa gari la mizigo, mimi narudi na mkoba.

Mnaosema basi au treni ni rahisi zaidi, ni kweli, sibishani. Reli ya Kati imefika Kigoma tangu 1914 na mpaka leo nauli yake ndege haiwezi kuigusa, ila ni zaidi ya kilomita 1,200, unalala njiani, duka limefungwa kwenda na kurudi. Ndege ya moja kwa moja ni kama saa mbili, ikipitia Tabora inaongezeka. Piga hesabu ya duka kufungwa, chakula cha njiani na mgongo wako, ndio ujue kipi rahisi. Kama umeajiriwa na uko likizo, treni panda, tena ni raha.

Kuna wanaofanya mchanganyiko. Wenzetu wa Tabora siku hizi wanachukua basi mpaka Dodoma halafu treni ya umeme ya SGR mpaka Dar, ilianza 2024, na wakinisimulia naona wivu. Sisi wa huku kuna njia ya kwenda na basi Mwanza kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi, ukapandie ndege Mwanza ambako safari ni nyingi na bei zinashindana, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 ule usumbufu wa kusubiri pantoni haupo. Nimejaribu, unaokoa hela kidogo ila unafika Mwanza umechoka hoi, na basi likiharibika porini tiketi yako ya bei chee imekwenda na maji, maana hizo za chini kabisa kubadilisha tarehe unalipia na kurudishiwa hela sahau. Kama unapita hiyo njia lala Mwanza.

Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho jamani, sio Mama Fulani.

Kwa ujumla safari ya ndege naipa nyota nne kwa tano, moja nimeikata kwa hiyo habari ya kubadilisha tarehe, mtu anauguliwa halafu anaambiwa alipe juu ya alicholipa. Desemba msiniulize bei, mimi Desemba napanda treni.